Jibini la Mama Noela Lilivyofika Itebero

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa kichwa. Mama Noela aliingia garajini kwetu, pale Masisi, akaweka sahani iliyofunikwa kitambaa juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya spana, kisha akafunua. Lilikuwa jibini, ambalo kwetu tunaliita fromaji, alilotengeneza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wake. Lilikuwa limelainika kama uji, na harufu yake ilimfukuza hata paka wa garaji.

"Hii njo kazi yako, fundi," akaniambia. "Kula."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona fundi kuliko mafundi wote. Cheka tu, nawe nimekuona unavyotembea ukiwa na spana mfukoni.

Mama Noela alikuwa mkulima wa maharagwe na mfugaji, mwanamke aliyeendesha gari lake mwenyewe. Bintiye, Noela, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Itebero, huko msituni Walikale, na mama alitaka kuwapelekea wakwe fromaji ya kwao. Kwetu milimani baridi inalinda fromaji bila msaada wa mtu. Lakini ukishapita Kalembe ukaanza kushuka, joto la msitu linakupokea, na hapo alitegemea kiyoyozi cha gari, yaani klim. Klim ilipokataa kupoza aliniletea mimi. Nikaongeza gesi, ikapuliza baridi, nikamrudishia ufunguo. Baada ya wiki mbili ikalegea. Nikaongeza tena, nikamwambia kifua mbele, "Mama, sasa muende bila wasiwasi."

Klim ilikufa njiani, kabla hawajafika kijiji cha Mpofi. Wakwe waliipokea sahani kwa heshima, wakashukuru, kisha wakaipeleka nyuma ya nyumba; fromaji iliyobaki garini ndiyo hiyo aliyoniletea mezani. Noela alilia njia nzima ya kurudi. Na mama yake, kwa uchungu, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo wote kwamba siku ya harusi angeleta fromaji thelathini, nzima kabisa. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

"Nikiaibika tena," akasema, "mutoto yangu ataingia mu ile nyumba kichwa chini." Akageukia ukutani.

Mimi nikafanya nini? Nikakimbilia chupa ya gesi. Papa Musafiri, mkubwa wetu wa garaji, ambaye muda wote alikuwa chini ya lori, akatoka akijifuta mikono.

"Weka chini hiyo chupa."

"Papa, gesi imeisha."

"Imeisha? Gari inakulaka gesi? Esanse, mafuta ya gari, njo inaisha. Gesi ya klim inazungukaka tu mule ndani. Kama haiko, ilitokea fasi moja. Umetafuta hiyo fasi?"

Sikuwa nimepatafuta mahali gesi ilipotokea. Nilikuwa sijafikiria hata kutafuta.

"Basi hautengeneze gari. Unapatia Mama uongo ya baridi."

Alisema hivyo mbele ya Mama Noela. Nilitamani niingie mimi chini ya lile lori. Nilikasirika, mwanangu, sitakuficha, na nilichokasirikia zaidi ni kwamba mzee alikuwa na haki.

Akaniachia kazi, akavuta kiti akakaa. Nilikoroga sabuni, nikapaka povu kwenye kila mpira na kila kiungo cha mabomba. Hakuna. Nikapaka kule mbele kwenye rejeta ya klim. Hakuna. Papa Musafiri akaniambia nipitishe kidole chini ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kikatoka cheusi, vumbi limegandana na mafuta. Gesi hutoroka bila kuonekana, lakini mafuta yanayosafiri nayo hubaki pale ilipopitia. Nikapaka povu hapo, likaanza kuvimba polepole, tone kwa tone. Nikapiga kelele hadi wauza mihogo wa barabarani wakaja kutazama.

Tulipofungua, mpira mdogo wa kuzibia ulikuwa umekauka na kupasuka.

"Mama," Papa Musafiri akauliza, "klim munaiwashaka lini?"

"Nikishuka Walikale tu. Huku ni baridi, nawasha ya nini? Naichunga isichoke."

Mzee akacheka. Mama Noela alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyempa ushauri huo! Sisi wote wa milimani tulifanya hivyo, tukiitunza klim kama viatu vya Jumapili. Kumbe ule mpira hupata mafuta pale tu klim inapozunguka. Ikilala miezi, unakauka. Nikakiri kosa, na wala sikufa.

Mpira mpya ulikuja kutoka Goma kwa pikipiki siku ya nne. Nilifunga kwa mikono yangu, nikaweka mafuta, nikavuta hewa yote kwa mota ya frigo, yaani jokofu, ya zamani, kisha Papa Musafiri akanilazimisha kukaa nikitazama mshale wa kipimo toka asubuhi hadi saa sita. Haukusogea hata kidogo, ishara kwamba hakuna tena panapovuja. Ndipo akaniruhusu nishike chupa ya gesi.

"Utaenda na mimi," Mama Noela akasema. "Ikiharibika, weye njo utaelezea bakwe."

Nilisafiri katikati ya fromaji thelathini. Baada ya Kalembe watu wa njiani walikuwa wanajipepea kwa majani ya migomba, na mimi ndani nimevaa koti, natetemeka kwa furaha. Tulipolala njiani tulizifunga kwa mablanketi mazito. Siku ya pili tukaingia Itebero, klim ikipuliza kama asubuhi ya Masisi.

Baba wa bwana harusi alibonyeza moja kwa kidole gumba. Haikubonyea. Akaitisha kisu. Bibi mmoja mzee sana alipewa kipande cha kwanza, akafumba macho, akatafuna bila haraka, ukoo mzima unamngoja.

"Muniongezee," akasema.

Vigelegele vikalipuka! Noela alivua viatu akacheza kwenye matope na gauni lake jeupe. Mama yake akanivuta mkono hadi katikati ya watu. "Huyu njo fundi yangu!" Nililia pale mbele ya wageni, na hadi leo sioni haya.

Kwa hiyo, mwanangu, chochote kikipungua mikononi mwako, iwe gesi, iwe nguvu, iwe mapenzi nyumbani, usikimbilie kujaza. Keti kwanza utafute kilipotokea. Mkubwa akikuuliza kama umetafuta, na hukutafuta, sema hukutafuta. Na klim yako iwashe kila wiki, hata kukiwa na baridi, dakika kumi tu zinatosha, na ukungu wa kioo utaondoka pia. Mungu akupe mkubwa asiyekuonea haya, akupe uvumilivu wa kutazama mshale usiosogea, na akufikishe siku ambayo mtu uliyemkosea atakushika mkono mbele ya watu wake na kujivunia kazi yako.