Mshenga na Kabichi za Bondeni

Mimi sisimuliwi mambo, huyaona mwenyewe. Jumapili baada ya ibada nilikuwa kijijini Mgwashi, sebuleni kwa mzee mmoja wa kanisa, jamaa yangu alipopeleka posa. Binti wa mzee alishakubali, lilibaki neno la baba tu. Kwetu mshenga huongea kwa unyenyekevu, macho chini. Jamaa alimchagua rafiki yake wa kijiweni, mtu mwenye mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Hata chai haijamiminwa, mshenga akanyoosha mkono dirishani. "Mzee, huyu mwenzetu si wa mchezo. Zile kabichi zote za bondeni ni zake."

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu. "Zile nimepanda mimi."

Jamaa akaficha uso kwenye kofia. Mzee akamgeukia yeye. "Mwanangu, Rehoboamu mwana wa Sulemani aliwaacha wazee, akasikiliza vijana aliokua nao. Makabila kumi yakamkimbia. Wewe umekimbiwa na mke mmoja tu. Nendeni salama."

Tukatoka hata chai hatujaionja.

Nimechoka, wasomaji. Mbegu ya viazi tunaigeuzageuza mkononi kabla ya kuipanda, lakini rafiki tunamwokota tu njiani, kisha tunamkabidhi maisha yetu.

Yote ni kweli, ila kitu kimoja nimekitunga: huyo rafiki wa kijiweni. Mshenga nilikuwa mimi, na jamaa akiniona sokoni mpaka leo anabadili njia.