Chupa za Wifi Yangu Zilipomtoa Mbio

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, mmewahi kuona chupa ikimfukuza mtu?

Mimi nimeona.

Mchana kweupe, stoo ambamo wifi yangu aliweka nyanya alizozipika na kuzifunga kwenye chupa ililia paa, paa, paa. Akatoka mbio, rojo la nyanya hadi kwenye nyusi.

Akanijia moja kwa moja bustanini kwangu, nikipalilia.

"Mchawi wewe. Umemmaliza kaka yangu, sasa umehamia kwenye chupa zangu."

Tangu mume wangu afariki, huyu mama alikuwa akitafuta sababu ya kunitoa pale nyumbani. Sasa kaipata. Akamwita shemeji yangu, mkubwa wa familia, akaapa kwamba nimefukia kitu kwenye bustani yake.

Shemeji si mtu wa maneno mengi. Akasema kikipatikana, nifunge mizigo.

Nyumba ile ndimo nilimozalia wanangu wote.

Bustani ya wifi ilizungushiwa mabati. Msimu mzima hakutaka mtu achungulie. Shemeji akaingia na jembe.

Akatoka na nyanya moja mkononi, kubwa, ina mikunjo kama boga, akanigeukia.

"Shemeji, hii si mbegu yako?"

Ilikuwa yangu. Naikausha mwenyewe kwenye majivu, sijawahi kumpa mtu. Na miche yake ilinipotea kitaluni, nikawalaani kuku wa watu bure. Kumbe kuku mwenyewe anajifunga kilemba.

Nikawategea kitendawili: mwanangu mzuri mezani, safarini ananiaibisha.



Basi nikategua mwenyewe. Nyanya ya mikunjo ni ya kukata, unatia chumvi, unakula siku hiyohiyo. Maji matupu. Ya kuweka kwenye chupa ni ile ndefu nyembamba, nyama tele, na mche wake umedumaa, huwezi kuutamani. Yeye aliiba iliyonawiri.

Kisha akanichungulia dirishani nikipika. Nilipoepua, naye akaepua. Yangu ilishakuwa uji mzito, yake bado supu. Akaifunga hivyohivyo. Ikachacha, ikajaa hewa, ikajitafutia mlango.

Shemeji alimpa wifi ufagio akasafishe stoo yake, na mizigo yangu ikabaki ilipo.

Hadi leo mimi na wifi hatusalimiani, na mbegu simpi.

Nanyi wajukuu zangu, shikeni hili: mwizi wa mche huondoka na majani. Alichokijua mwenye mche haking'oleki.