Isibindi ya Faustin

Mna ruhusa ya kunicheka; mimi mwenyewe nimeshindwa. Nilijifundisha Kizulu kwa kitabu, sura baada ya sura, na nilipenda watu wajue. Ndiyo maana Faustin, fundi cherehani Mkongomani ninayepanga naye nyumba mtaa wa Bertrams, aliniomba nimsindikize kwa daktari bingwa wa tumbo. Alitaka kujua jambo moja tu: je, amwite mkewe kutoka Bukavu?

Daktari alianza kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kizulu, kifua mbele. Akafurahi, akaendelea kwa lugha yake: "Isibindi sakhe siphelile."

Neno hilo nililijua. Kitabu kilisema isibindi ni ujasiri.

"Anasema ujasiri wako umekwisha," nikamtafsiria Faustin.

"Basi ni woga tu, vieux, mzee wangu?"

"Woga tu, ndugu yangu. Jipe moyo, ule vizuri."

Alicheka kwa furaha, akampigia mkewe palepale. "Mama Grâce, usisafiri! Niko muoga tu, daktari amesema!" Mama yule akacheka pia, akimwita mwanamume wa bure.

Daktari aliacha kuandika, akaniuliza wanacheka nini. Nilipomweleza, alifumba macho. Kisha akainuka, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia za Faustin, pale tumbo lilipovimba, akasema polepole, "Isibindi."

Kumbe neno lilelile ndilo ini. Faustin aliutazama mkono ule, kisha akanitazama mimi. Kwenye simu mkewe alikuwa bado anacheka.