Ubao Mzima kwa Meseji Moja

Fundi simu jirani yangu hapa Kibeta hupuliza kila kitu kabla hajakigusa: simu, kikombe cha chai, hata kete za sataranji zilizo kwenye kona ya meza yake. Hapa hana wa kucheza naye. Anacheza na baba yake, anayeishi kwa binti yake kisiwani, kule Muleba, ambako mtandao hupitisha meseji tu. Akishasogeza kete, anaugeuza ubao kuwa tarakimu: mraba wenye kete ni moja, mtupu ni sifuri, kisha aina za kete kwa kufuatana. Programu aliyoitunga mwenyewe inazifinya zikae kwenye meseji moja, na simu ya mzee inazifungua ziwe picha ya ubao. Mzee akisogeza yake, inarudi vivyo hivyo.

Nilimuuliza kwa nini asitume tu ile kete aliyosogeza. Akapuliza bisibisi. “Hiyo inamtosha anayekumbuka zilizobaki, waitu. Tata, mzee wangu, hakumbuki.”

Jana mvua ilitufungia vibandani, naye alikuwa karibu kushinda. Simu ikalia. Akasoma, akanigeuzia kioo: kete zote zilikuwa mahali pake pa kuanzia, isipokuwa askari mweupe mmoja aliyesogea mbele.

“Leo ameanza yeye,” alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akaupuliza ubao, akaanza kurudisha kete moja moja. Mfalme wa mzee, ambaye fundi alikuwa amemzingira pande zote, alimrudisha wa kwanza.