Miguu ya Mashine ya Kaka

Kutoka Pangani, kwenye karakana yangu ya useremala, hadi Tanga mjini kwa kaka si mbali, asikudanganye mtu. Ni mimi tu niliyekuwa mvivu wa kwenda. Mke wa kaka yangu aliugua miaka miwili, akapooza kuanzia kiunoni, nami kila Ijumaa nikisema wiki ijayo, inshallah. Nilikwenda kumzika.

Baada ya arobaini kaka akaniletea mashine yake ya gemu, ile ya zamani ya kurusha gololi ya chuma chini ya kioo, aliyoinunua hoteli moja ilipofungwa. Sanduku lake la mbao lilikuwa limeliwa na mchwa.

"Nitazamie, fundi," akasema, akaondoka. Nikaona hapa ndipo pa kumwomba radhi.

Nilikwangua rangi, nikapiga msasa, ubavu ulioliwa nikauwekea mbao ya mninga. Nilipofika kwenye miguu nikacheka peke yangu. Yote minne ilikuwa imekatwa, tena ovyo, msumeno umepanda na kushuka. Kaka hakuwahi kujua kushika msumeno. Nikachonga mipya, mirefu, ya kuchezea mtu akiwa amesimama, kama inavyotakiwa. Vile vigutu nikampa mama ntilie wa jirani, akachemshia maharage.

Kaka alipokuja aliizunguka mara mbili, akapapasa vanishi.

"Mashallah, una mkono." Kisha akainama, akashika mguu. "Ile miguu ya zamani iko wapi?"

Nikamwambia. Akakaa chini kwenye maranda.

"Niliikata mimi," akasema. "Shemeji yako hakuweza kusimama. Nikaishusha acheze kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuwa akinifunga kila siku, mdogo wangu."

Aibu ilinishika. Nikachukua msumeno.

"Nipe kipimo tu, kaka. Nakata sasa hivi."

Kiti alikwisha kukitoa sadaka pamoja na nguo za marehemu, kama tufanyavyo. Basi akanyoosha kiganja hewani. "Hapa." Nikatia alama ya penseli. Akatikisa kichwa, akashusha kiganja. "Hapa." Akakipandisha tena. Mwisho akanigeukia.

"Wewe fundi una jicho. Akikaa, alikuwa akifika wapi?"

Nikaweka msumeno chini. Sikuwahi kumwona kwenye kile kiti hata siku moja.