Kamba ya Kamiranzovu

Mdogo wangu Munyakazi alikuwa na sheria moja tu duniani, na alinichosha nayo. Mtu akishafungwa kwenye kamba yake hafunguliwi mpaka wote wafike nchi kavu na yeye mwenyewe awahesabu.

Kazi yake ilikuwa kuwatoa wageni Kigali na kuwapeleka Kamiranzovu, bwawa kubwa lililo katikati ya msitu wa Nyungwe. Ukiliona kwa mbali utadhani ni malisho. Chini ya zile nyasi hakuna ardhi, kuna mboji nyeusi iliyoloa isiyojulikana mwisho wake, na jina lenyewe maana yake ni mmeza tembo. Wazungu walikuja kuangalia ndege na maua. Munyakazi alitangulia na fimbo ndefu akipima kila hatua, msaidizi wake Léonidas akawa wa mwisho, na kamba moja ilipita viunoni mwa wote. Mimi nilikuwa mpishi wao. Nilibaki ukingoni na masufuria yangu, kwani kama tembo amemezwa, mimi ni nani?

Siku moja kabla ya kila safari kamba ilijaribiwa uani kwangu Biryogo, mtaa wetu wa Waislamu pale Kigali, nyuma ya mkahawa wangu. Walijifunga, wakavutana mpaka kuku wangu wakakimbilia kwa jirani. Kila mara Léonidas aliniletea ncha ya kamba.

"Mama Kaze, na wewe kuja."

"Kamba ni ya mbuzi," nilimjibu, naye akacheka. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, na alitia vijiko vinne vya sukari kwenye chai yangu bila aibu. Nilimsema sana kwa hilo.

Mwishoni mwa Septemba 1990 tuliondoka na mwalimu mstaafu wa Uswisi na mkewe. Tukiwa msituni redio ikatangaza kwamba vita vimeanza kaskazini. Tuliporudi, Kigali ilikuwa imeshakesha na milio ya risasi, na watu, wengi wao Watutsi, walikuwa wakikamatwa kwa mamia. Ndege ya wageni ilikuwa inaondoka uwanja wa Kanombe jioni ile ile.

Kwenye daraja la mto Nyabarongo, pale unapoingia mjini, askari walikuwa wameweka kizuizi. Kando ya mafunjo walikaa chini wanaume watano, viatu wamevuliwa. Sajini alichukua vitambulisho vyetu vitatu, akarudisha viwili. Cha Léonidas kilikuwa kimeandikwa Mtutsi.

"Huyu ashuke. Nyinyi endeni."

"Ni mtu wangu wa kazi, afande," alisema Munyakazi. "Nimetoka naye Biryogo."

Sajini hakumsikiliza. Alikuja upande wangu, akaegemea mlango. Léonidas alikuwa ameshakalishwa chini, hatua mbili tu kutoka pale, anavua viatu.

"Wewe mama wa Kiislamu, husemi uongo. Huyu iko nani kwako? Unamjua?"

Nilikuwa na sufuria mapajani. Nilimfikiria binti yangu Kaze aliyebaki peke yake mkahawani. Nilifikiria mengi, na yote yalikuwa yangu.

"Namupikia tu," nilisema. "Simujui."

Maji yakimwagika hayazoleki. Léonidas aliinua macho, akaniangalia, kisha akaendelea kufungua kamba za viatu.

"Umesikia?" sajini alimwambia mdogo wangu. "Washa gari."

Munyakazi alizima injini. Alishuka, akafungua nyuma ya gari, akatoa ile kamba ikiwa bado na tope la Kamiranzovu. Hakukimbia wala hakupaza sauti. Alijifunga kiunoni, akaenda akamfunga Léonidas, akakaa chini kando yake na ufunguo wa gari mkononi. Askari mmoja aliikoki bunduki.

"Fungua hiyo," alisema sajini.

"Nitafungua nyumbani, afande, nikishahesabu watu wangu. Ndiyo kazi. Wazungu hawa nao niliwafunga hivi hivi."

Yule mke wa mwalimu alishuka taratibu, akatoa daftari lake la ndege, akamuuliza sajini kwa Kifaransa jina lake linaandikwaje, maana ubalozi ungetaka kujua ni nani aliyewachelewesha. Sajini alimtazama yeye, akatazama kamba, akatazama foleni ya magari nyuma yetu. Mwishowe alikirusha kitambulisho kwenye tope.

"Pandeni. Mbio."

Wale wanaume watano walibaki. Hakuna aliyekuwa na kamba ya kuwatosha.

Safari zilikoma, lakini Léonidas aliendelea kuja kunywa chai. Sukari nikamwekea mezani kopo zima. Hakusema neno juu ya siku ile, miaka karibu mitatu, na mimi niliomba hata anitukane. Mtu akikutukana mnamaliza. Aliniita mama kama zamani na kuniulizia mguu wangu unaouma.

Agosti 1993, amani iliposainiwa Arusha, tulipata wageni wawili. Kamba ikatolewa tena uani. Safari hii hakuna aliyeniletea ncha. Niliifuata mwenyewe, nikasimama mbele ya Léonidas na kanga yangu nimeikaza.

"Kesho naingia na nyinyi," nilimwambia. "Nifunge. Na siku ile darajani..."

"Inua mikono, mama."

Alizungusha kamba kiunoni mwangu, akafunga fundo, akalivuta. Hakuridhika. Alilifungua, akalifunga upya, akalivuta tena kwa uzito wake wote mpaka nikapepesuka, na mkono wake ukanidaka.

"Huko ndani mimi iko nyuma yako," alisema. "Ukizama, siachii."

Nilisimama pale uani nimeishika kamba kwa mikono miwili, nalia, na Munyakazi akatuhesabu.