Makufuli Mawili ya Mbuba

Sina shahada. Niliishia darasa la saba, na nilichojua baada ya hapo kuhusu uongozi wa vikundi na taasisi nimekipata kwenye vitabu nilivyonunua vikiwa vimeng'oka majalada, na kwenye miaka mingi ya kutunza maghala ya wengine. Nalisema mapema kwa sababu wapo waliolisema kwa niaba yangu wakidhani wananifichua.

Wanaonihitaji ni vikundi vinavyokua. Kikundi kinaanza na jamaa kumi wanaoaminiana. Kinapofika watu mia, mambo yaliyokuwa yakimalizwa kwa kuitana yanaanza kukwama. Hapo huitwa mtu wa nje ashauri.

Kijijini Mbuba nilipelekwa na ofisi ya mradi uliokuwa ukisaidia kikundi cha wazalishaji wa mbegu za maharage. Hadidu za rejea zilinitaka nipendekeze muundo mpya wa uongozi. Kwa kweli ofisi ilikuwa na muundo wake tayari: meneja mmoja, mwenye cheti cha kidato cha nne, na ghala lote mikononi mwake. Nikiuthibitisha, niliahidiwa kazi ya namna hiyo hiyo Biharamulo, kuanzia na wakulima wa Nemba. Niliitaka sana kazi hiyo. Mwaka ule sikuwa na nyingine.

Wala sikuwa na nia ya kupinga. Kwa asubuhi sita nilitoka Nyamiaga, nilikokuwa nikilala, kwa pikipiki, nikakaa kwenye gogo mbele ya ghala, daftari gotini. Mlango ulikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja alikuwa nao mama mmoja mtu mzima wa upande wa juu. Wa pili alikuwa nao mwenzake mdogo kidogo, wa ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Kila asubuhi wanachama walisubiri hadi wote wawili wafike, na kila asubuhi niliandika muda uliopotea. Mwishoni nikaandika kwenye rasimu: "Funguo mbili ni upotevu wa muda. Akabidhiwe mtu mmoja." Nilikuwa nimesoma kwamba jukumu moja hubebwa na mtu mmoja, na niliamini.

Warsha ilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Afisa wa mradi, kijana nadhifu aliyetoka mkoa mwingine, alichora maboksi na mishale kwenye bango kitita, kisha akasoma pendekezo langu.

"Wanachama, mmeelewa?"

"Tumeelewa."

"Mmekubali?"

"Tumekubali."

"Basi tujipigie makofi ya kilo."

Makofi yakapigwa. Tulipotoka kunywa chai nilikwenda kunawa mikono kwenye kona ya darasa, na upande wa pili nikasikia wanawake wakizungumza Kihangaza, lugha ya huko, ambayo naielewa vizuri.

"Huyo meneja wao atafungua nini?"

"Atafungua mlango atakaokuja nao."

"Na mwalimu naye kaatamia gogo siku sita, alichoangua ndicho hicho."

Walicheka sana. Mimi si mwalimu; huniita hivyo kwa sababu ya daftari. Nilizunguka kona nikawakuta wenye funguo wote wawili, nikamsalimu yule mtu mzima wa upande wa juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetusikia?"

"Nimesikia. Mbona ndani mmekubali?"

"Ndani tumeulizwa kwa Kiswahili cha kikao, baba. Hicho tunakijibu hivyo, watu wanywe chai."

Nikamuuliza makufuli yale yana faida gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa paa la nyumba lina kazi gani.

"Shemeji yangu akija kuniomba debe la mbegu kabla ya mgawo, nimwambie nini? Nikimnyima, nimemnyima mimi. Hata msibani hatanipa mkono. Sasa namwambia, ufunguo wa pili sina. Anaondoka bila kununa."

"Na wa kwangu namwambia hivyo hivyo," akasema mwenzake. "Mkimpa meneja funguo zote, mmewapa mashemeji zake wote."

Nilibaki na povu la sabuni mikononi. Nilikuwa nimepima kwa makini gharama ya kusubiri, na sikuwahi kuuliza kusubiri huko kunalinda nini.

Tuliporudi darasani niliomba swali liulizwe upya, kwa Kihangaza.

"Mzee wangu, hiki ni kikao rasmi," afisa akasema. "Ajenda hiyo imefungwa."

"Rasmi kwa nani?"

"Kwa kumbukumbu."

"Kumbukumbu naandika mimi."

Nikauliza. Safari hii hakuna aliyejibu kwa pamoja. Mwanamume mmoja alitetea mpango wa meneja kwa ukali, akisema amechoka kusimama mlangoni kama mgonjwa wa zahanati. Walibishana hadi chakula kikapoa. Hatimaye walikubaliana: meneja awepo, ashughulike na wanunuzi na usafiri, makufuli yabaki mawili, wenye funguo wafike saa iliyotajwa, na kila upande uchague mtu wa kushika ufunguo iwapo mwenye nao ataugua. Ulikuwa muundo bora kuliko wangu na kuliko wa ofisi.

Afisa alinifuata kwenye pikipiki.

"Mara ya kwanza walikubali. Andika hiyo."

"Nitaandika zote mbili."

"Ofisi inataka sahihi yako kwenye muundo uleule. Tulikuchukua bila cheti, mzee. Usiposaini, Nemba usahau."

"Nenda kawaambie nimesahau."

Nyumbani nilichukua rula nikapiga mstari juu ya sentensi yangu, mstari mwembamba ili iendelee kusomeka, na chini yake nikaandika: "Pendekezo hili lilikuwa langu na lilikuwa kosa. Sababu zimetolewa na wanachama." Nikasaini hapo, si kwenye muundo wao, nikaipeleka ripoti ofisini mwenyewe.

Nemba akapewa mtu mwingine, mwenye shahada. Sikuitwa tena na ofisi ile, na sijaomba kuitwa. Miezi kadhaa baadaye mkulima mmoja wa Nemba, aliyepata namba yangu kwa watu wa Mbuba, alinipigia simu. Alisema wana muundo mpya ukutani na hakuna anayeufuata. Akaniuliza natumwa na ofisi gani.

"Hakuna," nikasema.

"Na cheti?"

"Hakuna vilevile."

Akaniuliza kama naweza kufika Jumatano. Nilikwenda. Kule wengi huzungumza Kisubi, na Kisubi changu ni cha kuombea maji ya kunywa. Niliposimama na kuanza kuuliza maswali yangu kwa lugha hiyo, safu ya mbele yote iliangua kicheko. Niliwaacha wacheke mpaka waliposhiba, kisha nikauliza tena kwa Kisubi kilekile.